Faragha na Baraza katika Uchunguzi wa Lugha

Katika makala yake ya mwaka 1969 juu ya mantiki ya Kiingereza kisicho sanifu, William Labov alieleza habari za mtoto wa Harlem, New York, mwenye umri wa miaka 8. Alipohojiwa peke yake, hata na Clarence Robins aliyekulia Harlem, mtoto huyo alijibu kwa neno moja moja au alinyamaza. Siku nyingine Robins alileta viazi vya kukaanga, akamwita rafiki wa mtoto, akaketi sakafuni, akataja maneno ya mwiko. Hapo mtoto yule yule alisema kwa wingi, akishindana na mwenzake kupata nafasi ya kusema.

Jambo hili si dogo. Wakati ule baadhi ya wataalamu wa elimu wa Marekani, kama Bereiter na Engelmann katika kitabu chao cha mwaka 1966, walishikilia kwamba watoto weusi wa mitaa ya maskini walikosa lugha ya kufikiria. Labov alionyesha kuwa ukimya ule ulitokana na mahojiano yenyewe, wala si upungufu wa mtoto. Kwa hoja hiyo astahili sifa.

Lakini haifai kuitwisha habari hii mzigo usioweza kuubeba, yaani kusema kwamba kikundi hufichua ukweli na mahojiano ya mtu mmoja huuficha. Robins alibadili mambo manne kwa mara moja: chakula, rafiki, kikao na maneno. Ni lipi kati ya hayo lililofungua kinywa cha mtoto, haijulikani. Tena kilichopatikana ni ufasaha. Mtoto aliye mbele ya rafiki ana heshima ya kulinda, na ayasemayo juu ya nafsi yake huenda yakawa majisifu tu.

Robert Merton, ambaye mwaka 1946 aliandika pamoja na Patricia Kendall juu ya mahojiano yenye shabaha, alionya mwaka 1987 kuwa yatokayo katika vikundi ni mawazo ya kupimwa, wala si mambo yaliyokwisha kuthibitishwa.

Mchunguzi wa lahaja za Kiswahili hana budi kulitia moyoni onyo hilo. Akiuliza barazani, mzee akisha kutamka, vijana huweza kuitikia kwa adabu, na tofauti ya matamshi yao isisikike. Akimwuliza kijana faraghani, huenda kijana akajitahidi kusema Kiswahili cha shule kwa ajili ya mgeni. Kila njia ina pazia lake.

Nguvu ya habari ya Harlem, basi, haimo katika kikundi. Imo katika kumsikiliza mtoto mmoja katika vikao viwili na kuvilinganisha. Mchunguzi aliyesikiliza kikao kimoja tu, kiwe cha faragha au cha baraza, hana haki ya kumhukumu msemaji.