Stika ndani ya matatu na hesabu iliyo nyuma yake

Februari 2004, Kenya ilipoanza kutekeleza kanuni za usalama barabarani zilizoitwa Kanuni za Michuki, kila matatu ilitakiwa kuwa na mikanda ya abiria na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Siku hizohizo matatu nyingi zilikuwa zimeegeshwa zikisubiri kutimiza masharti, na gari lililoegeshwa haligongi mtu. Anayelinganisha ajali za kabla na za baada hawezi kujua kama sifa ni ya kidhibiti au ya barabara tupu.

James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown waliukwepa mtego huo katika utafiti wa stika waliouchapisha 2011. Walichukua matatu za safari ndefu zaidi ya 2,000, wakazigawa kwa tarakimu ya mwisho ya namba ya gari. Kundi moja lilipewa stika za kubandika ndani, machoni pa abiria, zikiwahimiza wamkemee dereva anayeendesha ovyo. Jingine halikupewa kitu. Mvua ikinyesha au trafiki wakifanya msako, makundi yote mawili yanaguswa.

Tarakimu ina faida nyingine. Dereva anayekubali stika huenda ni mtaratibu tangu zamani, kwa hiyo kulinganisha waliobandika na waliokataa ni kujidanganya. Kinacholinganishwa ni waliopangiwa stika na wasiopangiwa, hata kama wengine walizikataa.

Kipimo chenyewe kilikuwa madai ya bima. Kumuuliza dereva kama siku hizi anaendesha vizuri ni kupoteza wino. Ni kweli kwamba migongano midogo humalizwa palepale kando ya barabara kwa noti chache, isifike kwa bima kamwe. Lakini mtindo huo umo katika makundi yote mawili, na stika haimpi mwenye gari sababu mpya ya kuficha.

Madai yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Hapa mimi nina shaka moja: ili stika zisibanduliwe, madereva waliozitunza waliingizwa kwenye bahati nasibu. Kilichopimwa basi ni stika pamoja na tamaa ya zawadi, na sauti ya abiria peke yake haijulikani ilichangia kiasi gani.

Jaribio kubwa zaidi la stika, lenye magari yapatayo 12,000 na matokeo yaliyotoka 2015, lilionyesha upungufu wa asilimia 25 hadi 33. Anayepanga bajeti ya nchi nzima aanzie kwenye takwimu hizi za pili.