Ufundi na Masizi

Jean Havez, Mmarekani, alianzia kwenye maonyesho ya jukwaani, akiwatungia nyimbo wazungu waliojipaka masizi ili kuwaigiza watu weusi. Huko Hollywood, yeye na wenzake walimwandikia Buster Keaton sinema bubu kama Our Hospitality (1923) na The Navigator (1924). Mimi ni mhandisi, na ufundi wao hunivutia: kichekesho kimoja hubeba kinachofuata, kama mawe ya tao.

Lakini katika Seven Chances (1925), kijana anayesaka mke kwa haraka anamfuata mwanamke. Akiona ni mweusi, anaghairi. Hapo kicheko kilinikauka. Havez alifariki mwaka huohuo; masizi ya jukwaani hayakuwa yamemtoka.

Ndugu wasomaji, tusiwafiche watoto wetu sinema hizi. Tukae nao, tuwaonyeshe ufundi, tuwaonyeshe na dhihaka.