Mpiga Besi na Ngoma ya Uzaramo

Wengi wanaousifu muziki wa dansi huanza na mwimbaji, wakaendelea kwa mpiga solo, kisha wakanyamaza. Mpiga besi hatajwi. Sisi twaona kuwa hiyo ni kasoro katika uhakiki wa utamaduni wetu, na mfano wa Suleiman Mwanyiro, mpiga besi wa Mlimani Park Orchestra, watosha kuidhihirisha.

Bendi hiyo iliundwa Dar es Salaam mwaka 1978, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Michael Enoch aliuongoza muziki wake, Joseph Mulenga akapiga solo, na Muhidin Maalim Gurumo alikuwa miongoni mwa waimbaji wakuu. Mtindo wao waliuita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Gurumo mwenyewe alikuwa mwana wa Masaki, wilayani Kisarawe, na huko ndiko alikozikwa mwaka 2014.

Wapo wanaodhani kuwa jina hilo ni pambo tu. Kwamba magita ya umeme, pamoja na neno "jazz" ambalo bendi zetu nyingi zililichukua kutoka Marekani, hayana udugu na uwanja wa ngoma wa Kisarawe. La hasha. Katika ngoma, zile ndogo hukimbia, na ile kubwa husema kwa uchache. Kwa kuwa husema kidogo, neno lake hungojewa, na mguu wa mchezaji huifuata.

Kazi hiyo ndiyo aifanyayo Mwanyiro kwa nyuzi zake. Mwanzoni, wimbo ukiwa bado wa pole na mwimbaji akisimulia kisa chake, besi haimfuniki: hutoa sauti mbili tatu, hutua, hurudi. Muziki unapochemka, magita yakajibizana na tarumbeta zikaingia, yeye hashindani nao kwa mbio. Huishika njia yake, na kila mwenzake hujua pa kukanyaga. Ustadi wake mkubwa ni kujua pa kunyamaza. Washairi wenzetu wanaohakiki maneno ya nyimbo peke yake hawawezi kuusikia ustadi huo, kwani haukuandikwa katika beti.

Huko Marekani, Charles Mingus, aliyeishi kati ya 1922 na 1979, alikuwa mpiga besi, mtunzi na kiongozi wa bendi, na vitabu vimeandikwa juu yake. Hapa kwetu, Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi nyimbo nyingi za bendi hizi. Majina ya waimbaji twayajua, lakini wapigaji wengi hawakuandikiwa hata ukurasa mmoja. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nasi tumesimama mlangoni muda mrefu mno.

Kwa hiyo yafaa walimu wa Kibaha na Kisarawe wawasikilizishe wanafunzi wimbo mmoja wa Sikinde mara mbili: kwanza wayafuate maneno, kisha waifuate besi peke yake. Baada ya hapo amwalikwe mzee mpiga ngoma wa jirani, asikilize naye, aeleze anachokitambua. Na maelezo yake yaandikwe, pamoja na jina lake.