Kona Moja, Kabati za Negativu

Watazamaji wengi wa filamu ya Richard Press ya mwaka 2010, *Bill Cunningham New York*, husifu jicho la mpigapicha yule mzee wa baiskeli na koti la buluu. Naona wanasahau miguu yake. Cunningham alisimama kona ileile, Fifth Avenue na mtaa wa 57, msimu hadi msimu, akisaka nguo inayojirudia. Vazi la mtu mmoja ni tukio tu. Likivaliwa na wapita njia kumi, limekuwa mtindo. Ndiyo maana kinachonivutia zaidi katika filamu hiyo ni kabati za chuma zenye negativu, zilizojaa chumbani mwake Carnegie Hall hadi kitanda kikabanwa katikati. Press naye alijua kungoja: alimbembeleza kwa miaka 8 ndipo akakubaliwa, kisha akarekodi kwa kamera ndogo, bila msafara wa mafundi.

Kisiwani Mombasa kazi hiyo ingeanzia barabara ya Biashara, ambako duka la leso la Kaderdina Hajee Essak lina historia ya tangu 1887. Leso mpya huingia, ya jana ikabebewa mtoto. Buibui la kamba, la kujitanda mwili mzima, limeipisha njia abaya ya mikono yenye darizi kwenye pindo. Picha moja, hata iwe nzuri vipi, haionyeshi mabadiliko hayo; hudhihirika picha za miaka 30 zikipangwa sambamba.

Mtu wa Mji wa Kale atauliza, na ana haki: na stara je? Umati wa New York humficha mtu, lakini katika mtaa wa Ndia Kuu mwanamke hujulikana kwa mwendo wake, hata uso ukifunikwa. Kupiga pindo na viatu tu hakumstiri. Nakubali kabisa, ila hoja hiyo inakataza kuvizia, kuhifadhi haikukatazi. Studio ya N. V. Parekh, hapahapa Mombasa, ilikwishapata njia: wateja walikuja wenyewe, wamevaa walivyotaka kuonekana. Kasoro ni kwamba studio huletewa nguo za shughuli, na ya kwendea Marikiti hubaki nje. Hilo lahitaji mpigapicha wa kuketi baraza moja mwaka mzima, aombe ruhusa kila mara, aandike tarehe na jina la leso nyuma ya picha. Mwanzoni wengi watakataa. Wakishamzoea, wapo watakaosimama wenyewe na kuitandaza leso ili maandishi yasomeke.