Kunyamaza kwa Haruni na Jibu Lake: Uhakiki wa Usomaji Wetu wa Fungu la Shemini (Walawi 9:1–11:47)

Sinagogi husoma Torati yote kwa mwaka mmoja, ikiigawa katika mafungu 54 ya kusomwa siku za Sabato. Fungu liitwalo Shemini, maana yake "ya nane", huchukua sura tatu za Mambo ya Walawi. Ndani yake mna siku ya nane ya kuwekwa wakfu kwa Haruni na wanawe, kifo cha wana wake wawili wakubwa siku hiyohiyo, na sheria za wanyama walio safi na walio najisi. Kwetu sisi kitabu hiki hakisomwi sana. Mpangilio wa pamoja wa masomo uliotolewa mwaka 1992, ambao makanisa mengi ya Kiprotestanti huufuata kwa ibada za Jumapili, haukuchukua humo ila sehemu za sura ya 19. Matokeo yake ni kwamba Mkristo wa kawaida hakutani na Nadabu na Abihu katika somo lililopangwa. Hukutana nao katika mahubiri ya mtu aliyewachagua mwenyewe, na mtu huyo mara nyingi huwa na mwenzake anayetaka kumwonya.

Makala haya yanahoji uchaguzi huo, na hasa mahali mhubiri anapofunga Biblia yake. Karibu kila mara huishia mstari wa 3 wa sura ya 10, pale Haruni anaponyamaza. Kwa kuishia hapo tumefundisha mambo mawili ambayo fungu zima haliyaruhusu. La kwanza ni kwamba kila kosa la ibada huita moto. La pili, ambalo lina madhara makubwa zaidi, ni kwamba mwamini aliyefiwa, na hasa mchungaji aliyefiwa, imempasa kufumba kinywa.

Tuanze na hilo la kwanza, ambalo lina historia ndefu. Jeremiah Burroughs, mhubiri wa Kipuritani wa Uingereza, alijenga juu ya mistari hii mitatu mfululizo wa mahubiri uliochapishwa mwaka 1648 kwa jina la Gospel Worship. Mwaka 2013 John MacArthur wa Marekani alikitumia kisa hiki kuwa jina la kitabu chake Strange Fire, kinachozishambulia harakati za karismatiki. Hapa kwetu maneno "moto wa kigeni" yamebandikwa kwenye ngoma, magitaa, na kunena kwa lugha. Upande wa pili nao umeyabandika kwenye liturujia yenyewe, kwa madai kwamba ni moto usiotoka kwa Roho. Jina la kosa likiweza kubandikwa kwa urahisi namna hii pande zote mbili za ugomvi, yafaa tuulize kama kosa lenyewe limepata kufahamika.

Kwa kweli maandiko yanasema kidogo sana. Vijana hawa walitwaa vyetezo, wakatia moto na uvumba, wakaleta mbele za Bwana moto ambao hakuwaagiza. Basi. Walimu wa Kiyahudi waliona upungufu huo wa maelezo, wakatafuta sababu. Rashi (1040–1105) anakusanya mbili katika ufafanuzi wake: Rabi Eliezeri alisema kwamba walikata shauri la sheria mbele ya Musa mwalimu wao, na Rabi Ishmaeli alisema kwamba waliingia wakiwa wamelewa, kwa kuwa katazo la mvinyo kwa makuhani linafuata mara moja katika mstari wa 9. Katika wakati wetu Jacob Milgrom, katika ufafanuzi wake mkubwa wa Walawi 1–16 (1991), aliona kwamba kosa lilikuwa kwenye makaa yaliyochukuliwa nje ya madhabahu. Wengine wamekumbuka kwamba Yeroboamu, mfalme aliyesimamisha ndama za dhahabu, alikuwa na wana walioitwa Nadabu na Abiya, na kwamba Haruni naye alikuwa na ndama wake. Maelezo hayo yote ni ya kufikirisha, lakini hakuna hata moja linalomruhusu mhubiri kusema kwa uhakika kwamba moto wa kigeni ni gitaa. Sisi Walutheri tungepaswa kuwa waangalifu kuliko wengine. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika ibara ya 7, halikuweka umoja wa Kanisa katika usawa wa taratibu zilizowekwa na wanadamu, bali katika Injili inayofundishwa kwa usafi na sakramenti zinazotolewa ipasavyo.

Wala tusisahau kwamba vijana hawa hawakuwa wahuni. Kutoka 24 yawataja kwa majina kati ya wale waliopanda mlimani na kumwona Mungu wa Israeli, wasipate dhara. Na moto uliowaua umeelezwa kwa maneno yaleyale ya moto wa mwisho wa sura ya 9, ule ulioteketeza sadaka hata watu wakapiga kelele za shangwe na kuanguka kifudifudi. Mgawanyo wa sura, ambao ni kazi ya karne ya 13, umezitenga habari hizo mbili. Msomaji wa sinagogi husoma moja kwa moja, furaha ikigeuka msiba bila hata pumziko. Kuogopa mbele ya maneno hayo ni haki. Kuuchukua moto huo mkononi ili kumtishia jirani ni jambo jingine.

Sasa tuje kwa Haruni. Neno la Kiebrania la kunyamaza kwake, vayidomu, lina mzizi wenye maana ya kutulia na kukoma. Rashi anakuona kunyamaza huko kuwa jambo la kulipwa thawabu: ndiyo sababu, asema, mstari wa 8 unatuonyesha Mungu akisema na Haruni peke yake. Rashbamu, mjukuu wa Rashi, anaona kwamba Haruni alijizuia asilie ili huduma isikatike. Ramban (1194–1270) anasema jambo ambalo wahubiri wetu wengi hawajalifikiria. Kwake, Haruni alikuwa akilia kwa sauti, ndipo akanyamaza. Anakimbilia Maombolezo 2:18, ambapo mzizi huohuo unatumika juu ya machozi yasiyokoma. Kama Ramban ana haki, kunyamaza kwa Haruni si ukosefu wa kilio, bali ni kilio kilichokatishwa. Nami naona kwamba ana haki, kwa kuwa Ezekieli 24:17 inalitumia neno hilo kwa namna iyo hiyo: nabii aliyeondolewa mkewe anaamriwa kuugua kimya. Kuugua kupo. Kinachozuiwa ni sauti.

Tena sheria inayomzuia Haruni asifumue nywele wala kurarua mavazi inawahusu watatu tu, yaani yeye na Eleazari na Ithamari, na sababu yake ni mafuta ya Bwana yaliyo juu yao. Mstari wa 6 hauishii kwenye katazo. Unaendelea kusema kwamba ndugu zao, nyumba yote ya Israeli, ndio watakaoulilia moto huo. Wahenga wetu walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Hapa utaratibu umegeuzwa: mfiwa amefungwa na kazi yake mahali patakatifu, basi wa mbali wanaanza, na wanalia kwa niaba yake. Tena kabla ya hapo binamu wawili, Mishaeli na Elsafani, wameitwa kuja kuwachukua marehemu. Wanawabeba na kanzu zao kuwatoa nje ya kambi, na katika agizo la Musa marehemu hao wanaitwa ndugu zao. Hawakutupwa kama wahalifu. Anayehubiri kifo cha Nadabu na Abihu akawaacha Mishaeli na Elsafani ametoa hukumu, akasahau mazishi.

Nasema haya kwa sababu ya jambo linalotokea katika sharika zetu, ambalo wasomaji wengi wa jarida hili wamelishuhudia. Mtoto wa mchungaji amefariki. Waombolezaji wanakuja, na mmoja wao, kwa nia njema, anamwambia baba au mama wa marehemu anyamaze kama Haruni, kwa maana yeye ni mtumishi na watu wanamtazama. Jumapili inayofuata anatarajiwa madhabahuni. Akilia mimbarani watu wananong'ona kwamba imani imemtoka. Maneno ya Walawi 10:3 yamefanywa kuwa kipimo cha imani, nayo hayakuwa hivyo. Yalikuwa masharti ya mtu mmoja, mahali pamoja, siku moja, huku taifa zima likiwa limeagizwa kumlilia. Usharika unaodai kimya cha Haruni bila kutoa kilio cha nyumba ya Israeli umechukua nusu ya agizo, na nusu hiyo ndiyo nyepesi kwao. Martin Luther mwenyewe hakuweza kutimiza sharti la namna hiyo. Binti yake Magdalena alipofariki mwaka 1542, akiwa na umri wa miaka 13, alimwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba yeye na mkewe walipaswa kushukuru kwa mwisho mwema wa mtoto, lakini nguvu ya upendo wa asili iliwashinda, wasiweze kufanya hivyo bila kulia na kuugua.

Lakini hoja kubwa iko katika mistari ya 16 hadi 20, ambayo sijapata kuisikia ikihubiriwa. Siku bado ni ileile. Musa anamtafuta yule mbuzi wa sadaka ya dhambi, anakuta ameteketezwa. Kwa sheria damu yake haikuletwa ndani ya patakatifu, kwa hiyo makuhani walipaswa kumla. Musa anakasirika. Anawakemea Eleazari na Ithamari, wana waliosalia. Rashi adhani alifanya hivyo kwa heshima ya Haruni, asimkemee uso kwa uso. Ndipo yule aliyenyamaza anafungua kinywa. Anamwambia Musa kwamba leo wametoa sadaka zao, na leo mambo kama haya yamempata. Je, kama angeila sadaka ya dhambi siku kama hii, ingekuwa vema machoni pa Bwana? Musa akasikia, ikawa vema machoni pake.

Tulipime jambo hili. Katika sura moja makuhani wawili wanaiacha njia iliyoamriwa, wanakufa. Baada ya mistari michache makuhani watatu wanaiacha njia iliyoamriwa, nao wanakubaliwa. Milgrom hulieleza hili kwa hofu ya unajisi: sadaka ilikuwa imebeba uchafu mzito wa vifo vilivyotokea karibu na patakatifu, Haruni akaogopa kuila. Inawezekana. Hata hivyo Haruni mwenyewe hataji unajisi, ataja yaliyompata. Anauweka msiba wake kama hoja ya kisheria mbele ya mtoa sheria, na hoja inapokelewa. Wanaotumia sura hii kufundisha kwamba kupindika kidogo kwa taratibu kunaleta moto wana wajibu wa kutuambia watafanya nini na mwisho wake. Tofauti ninayoiona ni hii: Nadabu na Abihu walisogea pasipo kuagizwa, lakini Haruni alirudi nyuma kutoka kwa kile alichoruhusiwa, kwa kuwa aliona hana moyo wa kukila mbele za Mungu. Talmudi, katika mkataba wa Zevahimu, inaongeza sifa kwa Musa: hakuona haya kukiri, hakusema kwamba hakuwa amesikia sheria hiyo, bali kwamba aliisikia akaisahau. Viongozi wa Kanisa wanaosoma haya watajua uzito wake. Mzee wa sheria, mbele ya vijana aliokwisha kuwagombeza, anamkubalia mfiwa.

Mapokeo ya Kiyahudi (Kiddushini 30a) yanasema kwamba maneno darosh darash ya mstari wa 16, yaani Musa kutafuta kwa bidii, ndiyo katikati ya Torati kwa hesabu ya maneno. Hesabu za leo hazikubaliani na hilo, nami sitalijengea nyumba. Hata hivyo inafundisha kuona walikotaka katikati pawe: kwenye ulizo, juu ya mbuzi ambaye hakuliwa.

Waraka kwa Waebrania utatujia hapa, na ni haki, mradi tusimfanye Haruni kivuli cheusi ili Kristo ang'ae. Waebrania 5:7 inamwonyesha Kuhani Mkuu aliyetoa maombi pamoja na kilio kikuu na machozi, akasikilizwa. Kilichokatazwa kwa Haruni kwa sababu ya mafuta kinafanywa na Mpakwa Mafuta mwenyewe, tena kama sehemu ya huduma yake. Walakini mbegu iko tayari katika Walawi: kuhani anayesema mbele ya Mungu yaliyompata, akasikilizwa.

Kwa wanafunzi watakaohubiri fungu hili ningependekeza wasome 9:22 hadi 11:2 bila kukatiza, hata kama ni refu. Watakuta kwamba katika 10:8 Mungu alisema na Haruni peke yake, kabla ya mabishano ya mbuzi. Baada ya mabishano, 11:1 inaanza kwa Bwana kusema na Musa na Haruni wote wawili pamoja, na neno analowapa ni juu ya chakula: kipi watu watakula, na kipi hawatakula.