Nyumba Njema Si Mlango

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa naye ni mwalimu mkuu, alinijia nyumbani akiwa na karatasi zilizokunjwa kwapani. Baada ya shikamoo na marahaba alizitandaza mezani. Ilikuwa ni ramani ya nyumba. "Mwalimu," alisema, "nimepata kiwanja upande wa Moshono. Naomba uitazame, unibariki." Nilichukua kalamu nyekundu, maana mazoea yana taabu, nikamwambia kwamba baraka nitatoa, ila kwanza nitasahihisha.

Ninayaandika masahihisho yale hapa kwa sababu ramani ile si yake peke yake. Zunguka Moshono, Olasiti, Muriet au Njiro, utaikuta imekwisha kujengwa mara nyingi: ukuta mrefu wa mbele unaoficha paa, nguzo mbili nene, kioo kikubwa kinachotazama barabarani, na rangi ya kijivu na nyeupe. Watu huiita nyumba ya kisasa. Mimi sina ugomvi na usasa. Bafu la ndani na jiko la gesi ni neema. Ninachouliza ni lile swali la kila mwalimu anaposahihisha: je, jibu hili linajibu swali lililoulizwa?

Swali lenyewe lilikuwa hivi. Kiwanja ni mita 15 kwa 24, yaani mita za mraba 360. Barabara iko kusini, na Mlima Meru uko kaskazini. Watakaoishi humo ni watu saba: mume, mke, watoto wanne, na mama mzazi wa mume, ambaye umri wake umepita miaka 80.

Kosa la kwanza ni kuiweka nyumba katikati ya kiwanja. Nyumba yenyewe ina mita 11 kwa 12. Inaacha mita 2 kila ubavu, mita 6 mbele na mita 6 nyuma. Piga hesabu: zinabaki mita za mraba 228, zaidi ya nusu ya kiwanja, na hata hivyo hakuna mahali pa mtoto kupiga mpira wala pa kuwakalisha waombolezaji siku ya msiba. Nafasi ipo, lakini imekatwa vipande kama kitambaa kilichoharibiwa na fundi. Mtindo huu tuliurithi kutoka nyumba za Uzunguni za enzi ya ukoloni, zilizosimama katikati ya bustani kubwa. Bustani tumeipoteza, mtindo tumebaki nao. Waliojenga nyumba za Kiswahili pale Kaloleni, kwenye viwanja vidogo kuliko hiki, walijua zaidi. Waliisogeza nyumba mbele, karibu na njia, na nafasi iliyobaki wakaikusanya nyuma ikawa ua. Katika ua walipika, walifua, walilea watoto na waliombolezea wafu wao.

Basi nilimchorea nyumba nyembamba yenye chini na juu, mita 11 kwa 7. Hiyo ni mita za mraba 77 chini na 77 juu, jumla 154, ambazo ni nyingi kuliko zile 132 za kwanza. Mbele zinabaki mita 4, na nyuma unapatikana ua mmoja wa mita 13 kwa 15. Bila shaka halmashauri lazima ikubali umbali kutoka mipakani kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Aidha ghorofa ina gharama ya zege na nondo, na inahitaji mhandisi, si fundi wa kukisia. Asiye na uwezo aanze na msingi uliopimwa kubeba ghorofa, aishi chini kwanza. Watoto hawakui kwa siku moja.

Kosa la pili ni zito zaidi. Nyumba ile imeupa mlima kisogo. Sebule na chumba cha bibi vimewekwa kusini. Vyoo, stoo na gereji vimewekwa kaskazini. Hapa watu hudhani nazungumzia mandhari. La hasha, nazungumzia jua. Arusha iko takriban nyuzi 3 na nusu kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo tangu katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la adhuhuri hupita upande wetu wa kaskazini. Miezi yetu ya baridi ni Juni, Julai na Agosti, wakati jua limekwenda mbali kaskazini. Dirisha linaloutazama Meru ndilo linalopata joto la Julai mawingu yanapofunguka. Na Desemba, jua linapohamia kusini, dirisha hilo hilo hupata kivuli. Ukutani kusini, Julai ni kama pango. Ramani ya kununua dukani haijui jambo hili. Aliyeichora kwa ajili ya Dar es Salaam alitafuta upepo. Sisi kwetu huku tunatafuta jua.

Naomba msomaji anisamehe nikilieleza hili kwa uchungu. Marehemu mama yangu aliishi miaka yake ya mwisho katika chumba cha namna hiyo, upande wa kusini, dirisha likitazama ukuta wa jirani. Usiku mmoja wa Julai alilalamika baridi, na mjukuu mwenye huruma akamwingizia jiko la mkaa, akafunga mlango. Alfajiri tulimkuta akitapika, kichwa kikimuuma, hawezi kusimama. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na wengi wamelala nayo wasiamke. Mama alipona. Mjukuu hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika ramani, na ramani ile niliikubali mimi.

Kwa sababu hiyo, chumba cha bibi nilikichora chini, kaskazini, pamoja na choo chake, ili asipande ngazi na ili mlango wake ufunguke uani. Waliobaki walale juu.

Kosa la tatu ni lile paa lililofichwa. Mvua ya masika inahitaji upenu, paa litokeze nje liukinge ukuta na madirisha. Paa lililofichwa halina upenu, na maji yake hupita katika mfereji wa ndani. Majani yakiuziba, maji yatashuka kwenye dari ya jipsamu. Zaidi ya hayo ni hasara. Marehemu Beda Amuli alipobuni Soko la Kariakoo miaka ya 1970, alilifanya paa likinge maji ya mvua. Sisi tunayafukuza. Paa la mita za mraba 100 hupokea lita 100 kwa kila milimita 1 ya mvua. Mvua ya milimita 30 ni lita 3,000, ukiacha yanayopotea. Na hapa kwetu maji hayo yana thamani ya pekee, kwa kuwa chemchemi na visima vingi vya mitelemko ya Meru vina floridi kupita kiasi. Tunaiona katika meno ya kahawia ya watoto wetu, na kuyachemsha maji hakuiondoi.

Kijana alisikiliza, kisha akauliza: "Lakini Mwalimu, wapita njia watasema nini? Kwa mbele haina sura." Nilimjibu kwamba wapita njia hawatalala humo. Wahenga walikwisha kusema kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Mwaka huu amerudi na ramani mpya. Ua upo. Bibi yuko chini, upande wa jua. Upenu umerudi, na matangi mawili ya maji yamechorwa. Hata hivyo geti ni kubwa kupita kiasi, na juu ya nguzo zake wamekaa simba wawili wa saruji. Nimempa alama 78. Simba wale niliwakata alama kidogo tu, kwa kuwa hawamzuii bibi kuota jua.