Kumtunza na Kumpanda Farasi Mzee

Farasi huhesabiwa kuwa mzee anapovuka miaka 15 hadi 20, na akitunzwa vizuri hufika 25, hata 30. Katika nyanda za juu za Kenya, kuanzia Karen na Ngong hadi Naivasha na Nanyuki, wengi wa wazee hao walianzia kwenye mashindano. Farasi wa mbio huingia uwanjani, kama ule wa Ngong uliofunguliwa mwaka 1954, akiwa na miaka 2 au 3, na mara nyingi huachishwa mbio kabla hajafika 10. Sehemu kubwa ya maisha yake, basi, huja baada ya sifa zake kwisha. Sehemu hiyo haina makombe wala watazamaji, nayo ndiyo inayodai ustadi mkubwa zaidi wa mtunzaji.

Ustadi huo huanzia miguuni. Xenophon wa Athens, aliyeandika juu ya farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alimshauri mnunuzi aanze kwa kukagua kwato, na ushauri wake haujachuja. Ukwato hukua kutoka juu, pale unapopakana na ngozi, ukashuka milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Upande wa mbele huchukua karibu mwaka mzima kufika chini. Kwa hiyo farasi aliyetunzwa na mtu mmoja kwa mwaka husimama juu ya kwato zilizoota zote mikononi mwa mtu huyo, na mambo ya mwaka huo husomeka juu yake: homa huacha mfereji, mabadiliko ya ghafla ya chakula huacha matuta, na miezi ya utulivu huacha ukuta laini. Fundi wa kwato, anayekuja kila baada ya wiki 6 hadi 8, huisoma mistari hiyo kabla hajashika tupa.

Kalenda ya kazi hufuata mvua. Januari na Februari vumbi ni jingi, na mapafu ya mzee hayalivumilii. Nyasi kavu hulowekwa maji kabla ya kutiwa horini. Masika yanapoanza mnamo Machi, malisho huchipuka yakiwa na sukari nyingi, na hapo ndipo huja laminitisi. Tishu zinazoushikilia mfupa ndani ya ukwato huvimba na kuanza kuachia, na maumivu yake ni makali hata farasi huegemea nyuma ili kuipunguzia miguu ya mbele uzito. Saisi mzoefu hangoji afike hapo. Kila asubuhi huinama, akapitisha vidole viwili nyuma ya kifundo cha mguu, akautafuta mshipa wa damu. Siku za kawaida mapigo yake hupatikana kwa shida. Yakigonga kwa nguvu chini ya vidole, farasi huondolewa malishoni saa hiyohiyo na daktari wa mifugo huitwa.

Mvua huleta pia usubi, wadudu wadogo wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao mnamo 1854 na 1855 uliua farasi takriban 70,000 huko Rasi ya Tumaini Jema. Punda milia huambukizwa bila kuugua, hivyo virusi havikosi makao. Kinga ni chanjo ya kila mwaka, na kumwingiza farasi bandani kabla ya magharibi, kwa kuwa usubi huuma zaidi tangu jua kutua hadi alfajiri. Kupe nao hutafutwa masikioni na chini ya mkia. Juni hadi Agosti baridi hukaza viungo, na farasi mwenye yabisi huhitaji muda zaidi asubuhi kabla hajaombwa kazi yoyote.

Meno yanastahili kuangaliwa kuliko kitu kingine chochote cha uzee. Jino la farasi hutokeza milimita 2 hadi 3 kila mwaka, likifidia linalosagika, na anapokaribia miaka 30 akiba hiyo huwa imekwisha. Mzee ambaye magego yake yamechoka huangusha vibonge vya nyasi vilivyotafunwa nusu, vimelowa mate. Anayefagia banda akivitupa bila kuviangalia amekosa habari kubwa, kwa sababu vibonge huonekana mapema, kabla mbavu hazijaanza kutokeza. Meno yakishatengenezwa na daktari, chakula hubadilishwa: lusan iliyokatwa ndogondogo, pumba, na vidonge vya majani vilivyolowekwa hadi vikawa uji mzito. Farasi wa kilo 450 huhitaji takriban kilo 9 za chakula kikavu kwa siku, tena kwa milo midogo, kwani tumbo lake ni dogo na hawezi kutapika. Msokoto wa tumbo unaweza kumuua kwa saa chache.

Huruma ya wengi humwacha mzee asimame tu. Hilo ni kosa. Viungo visivyotembezwa hukakamaa, na misuli ya mgongo ikipungua, hata tandiko lililomkaa vizuri mwaka jana huanza kumchubua; ni lazima lipimwe upya mwaka ukiwa katikati. Safari fupi za mara kwa mara humfaa kuliko moja ndefu ya Jumapili. Dakika 15 za mwanzo ni za kutembea tu, hatamu zikiwa zimelegezwa, ndipo afuate mwendo wa matiti kwenye ardhi isiyo ngumu wala yenye tope zito. Kupanda kilima taratibu hujenga mgongo na mapaja bila kuvigonga viungo. Akianza kujikwaa, au akifupisha hatua ya mguu mmoja, safari imekwisha, na mpandaji hushuka akamrudisha kwa miguu.

Naye mzee hulipa. Katika Shule ya Kihispania ya Upandaji Farasi huko Vienna, wanafunzi hujifunza juu ya madume yaliyokwisha kukomaa kazini, kwa sababu farasi wa namna hiyo anajua jibu sahihi na hulitoa pale tu anapoulizwa vizuri. Mkono mzito haupati kitu kwake. Mpandaji aliyekaa mwaka mmoja juu ya farasi mzee hupata kiti kilichotulia na mkono mwepesi, mambo ambayo farasi kijana, mwenye haraka zake, hana nafasi ya kuyafundisha.

Limebaki jambo ambalo wamiliki wengi huliahirisha. Farasi aliyefikia umri huu asiuzwe tena, maana hakuna mnunuzi atakayejua mapigo ya miguu yake wala ulaji wake. Mwenye farasi na aketi na daktari na saisi mapema, wakati mnyama bado anakula kwa hamu, wakubaliane ni dalili zipi zitakazomaanisha kwamba mateso yamezidi, nani ataitwa siku hiyo, na kaburi litachimbwa wapi.